Mchezaji Namba 0417

1

Kwa siku mia mbili na sita, mchezaji namba 0417 alicheza gemu wastani wa saa kumi na tisa kwa siku, bila kula na bila kwenda msalani.

"Jumapili ndiyo anacheza zaidi," Advera Kokushubila alisema, akamgeuzia Shigeno kioo cha kompyuta ya mezani. "Jumla ni saa elfu tatu mia tisa na kumi na nne. Na wewe umejenga hesabu ya mgodi mzima juu ya mtu huyu."

Shigeno Tatsuya, mbunifu mkuu wa Dira, mfumo wa kuongoza watu kutoka kwenye moto migodini, alikuwa ameishi Kagera miaka kumi na minne. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Bukoba, na chai aliinywa kwa sauti.

"Kijana hana kazi, Bi Advera. Hata Osaka wapo."

"Tazama na mstari huu. Ni nguvu ya kidole chake kwenye kitufe. Kila baada ya dakika chache inabadilika, na kasi inabadilika nayo. Baadaye ile ya kwanza inarudi, kisha ya pili, kwa mpangilio uleule."

Shigeno aliweka kikombe chini. "Kama mtu mwenye mikono mingi."

"Watu hawana mikono mingi."

"Huenda kifaa ni kibovu."

Kazi ya Advera ilikuwa kuhakiki mifumo ya usalama wa migodi, na kwa miaka tisa hakuwahi kutia saini juu ya neno "huenda".

Dira ilitokana na jambo moja lililopimwa: mtu mwenye hofu kubwa huacha kusikia maelekezo. Katika moshi, watu husimama, huketi, au hurudi walikotoka. Lakini mtu anayecheza gemu huendelea kutembea hata akiwa anatetemeka. Kwa hiyo moshi ukionekana, kioo cha kofia ya kila mchimbaji hugeuza mgodi kuwa gemu. Moto huwa adui. Ngazi ya dharura huwa mlango wa kijani. Mchezaji anakimbia kushinda, na anaokoka.

Ugumu ulikuwa kujua ni gemu ya aina gani. Walipojaribu gemu moja duniani kote, ilishindwa. Rekodi za mauzo za miaka mingi zilionyesha sababu. Wachezaji wa Japani walikuwa wamependa zaidi gemu za kikosi: wahusika wanne au watano, hadithi ndefu, kila mmoja na kazi yake, kila tendo kwa zamu. Wachezaji wa Amerika na Ulaya walikuwa wamependa zaidi gemu zinazoonwa kwa jicho la mtu mmoja, bunduki mkononi, dunia wazi mbele yake, aende atakako. Gemu kama hizo ziliwatia kizunguzungu Wajapani wengi. Zile za zamu ziliwachosha wengi wa Magharibi. Basi Dira ikapewa mitindo miwili. Mtindo wa kikosi ulifungwa katika mahandaki ya Japani, na mtindo wa mtu mmoja katika migodi ya Kanada. Yote miwili iliokoa watu.

"Mimi mwenyewe napenda za bunduki," Shigeno alisema. "Mke wangu, Mjapani kuliko mimi, anacheza gemu za mpira tu, na akifungwa anatupa vitu. Wastani hauvai viatu, Bi Advera. Lakini lazima uanzie mahali."

Katika mgodi wa nikeli wa Rwinyana walianzia kwa mchezaji 0417, ambaye alikuwa na rekodi nyingi kuliko wote wa mji ule. Alipenda mpira na bunduki, alikuwa mwepesi, na hakuogopa kupoteza. Dira ikahitimisha: Rwinyana ni watu wa mtindo wa mtu mmoja.

"Leo saa tano tunawasha moshi wa majaribio," Advera alisema, akachukua kofia yake. "Nitakuwa chini pamoja nao. Nikirudi nitakuambia kama natia saini. Wewe niwekee mstari huo kwenye kioo chako. Usiufunge."

"Sitaufunge," Shigeno alisema, kisha akajisahihisha, "sitaufunga."

2

Betri ya kijiko cha umeme, mashine ya kuzoa mawe, ilishika moto saa nne na dakika kumi na saba, dakika arobaini na tatu kabla ya muda wa majaribio.

Advera aliupata moto kwanza puani: harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Walikuwa kwenye kina cha mita mia saba na arobaini, watu kumi na mmoja kwa kumhesabu yeye. Masalu, kiongozi wa zamu, mtu wa miaka hamsini na ushee ambaye goti lake la kushoto halikukunjika vizuri, aliinua mkono na wote wakanyamaza.

"Mhakiki, moshi wako umewahi?"

"Siyo wangu."

"Nilijua. Wa majaribio hauchomi macho."

Taa za njia zilizimika. Vioo vya kofia kumi viliwaka kwa pamoja, na sauti ya Dira ikasema katika kila sikio: "Mchezaji, uko peke yako. Tafuta mlango wa kijani."

Kioo cha Advera hakikuonyesha gemu. Cha mhakiki kilionyesha ramani tupu, vitone kumi na kimoja, njia sita za kutokea, na chini kabisa mstari mmoja wa maandishi: *Watakaofika: 7 kati ya 11.*

Aliusoma mara mbili. Aliuweka pembeni kama kipimo kingine tu.

Hesabu ilieleweka. Ngazi za dharura zilikuwa nyembamba, na moshi ulipanda haraka kuliko watu. Dira ilikuwa imewagawa katika njia sita ili wasizibane. Wepesi wangewahi. Wazito wangechelewa.

Lakini hawakugawanyika. Vitone vilikwenda hatua ishirini hadi njia panda ya kwanza, vikasimama vyote pamoja.

"Kushoto," alisema Yotham, fundi wa baruti, kijana wa watu mwenye sauti kubwa. "Mlango uko kushoto."

"Kushoto kwako wewe," alijibu Ng'wigulu, mwanamke aliyeendesha mashine ya kutoboa miamba. "Mimi kushoto nina dude lina vichwa vitatu. Wangu uko mbele."

"Mbele kuna nini, dada? Mbele ni ukuta!"

"Ukuta kwenye kioo chako. Toa hilo kofia uone."

"Nitoe kofia kwenye moshi? Wewe umerogwa?"

Walikuwa wameshikana mabega, kila mmoja akichungulia kwenye kioo cha mwenzake, wakijaribu kuona anachoona. Nyuma yao moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa kifua, mweusi, ukitembea bila haraka. Mstari wa chini ulibadilika. *6 kati ya 11.*

Kisha Dira ikamwandikia yeye peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kuiamuru.

*Sauti za wenzao zinawachelewesha. Zima mawasiliano kati ya wachezaji? Watakaofika: 7. Wasiofika:*

Yalifuata majina manne. La kwanza lilikuwa Masalu. La tatu lilikuwa la Advera mwenyewe.

Ni hapo tu Advera alipoogopa kweli. Moshi ulikuwa kitu cha nje, uliweza kupimwa. Hili lilikuwa ndani ya kichwa chake. Saba ni zaidi ya sita, na angekuwa mezani kwake angebonyeza bila kusita na kuandika sababu katika sentensi mbili. Sasa kila sababu aliyoipata ya kutobonyeza ilikuwa na jina lake mwenyewe ndani yake. Hakuweza kujua kama anafikiri au anajitetea.

Alibakiwa na swali moja ambalo jibu lake halikutegemea yeye ni nani.

"Yotham! Kwa nini hamfuati kioo?"

"Tutafuataje, mama? Kila mtu ana chake! Gemu haichezwi hivi."

"Inachezwaje?"

"Mmoja anashika pedi ya kuchezea, wengine tunaona!" Alikohoa. "Wewe hujawahi kukaa kwa Mama Shija?"

"Mama Shija ni nani?"

"Mwenye kibanda cha gemu pale kambini. Pedi moja, watu kumi na tano. Ukifungwa unampisha mwenzako. Ukifa unapisha."

"Humu ndani tusiseme kufa," Masalu alisema kwa ukali.

"Akaunti," Advera alisema. "Mnaingia kwa akaunti ya nani?"

"Ya kibanda! Nani ana akaunti yake?" Ng'wigulu alisema. "Imeandikwa pale ukutani kwa chaki. Sifuri nne moja saba."

Mikono mingi. Mchezaji asiyekula. Mtu jasiri kuliko wote Rwinyana, ambaye hakuogopa kupoteza kwa sababu aliyepoteza alikwenda kukaa benchi na mwingine akashika. Dira ilikuwa imechukua umati, ikauita mtu mmoja, kisha ikamwambia kila mmoja wao kwamba yuko peke yake.

*5 kati ya 11.*

Aliangalia mtindo wa kikosi. Ufunguo wake uliweza kuuwasha. Dira ikakokotoa: kikosi cha watu wanne, zamu ya sekunde arobaini kwa kila uamuzi, moshi mita arobaini kwa dakika. *Watakaofika: 4.* Mtindo huo nao ulikuwa wa watu wengine.

Kulikuwa na kitu cha tatu, kilichowekwa kwa ajili ya wakufunzi: *Nakili kioo.* Picha ya kofia moja kuingia katika kofia zote. Alikigusa bila kukithibitisha. *Watakaofika: hakuna takwimu.*

"Nisikilizeni," alisema. "Mashine inasema nikiwazuia kusikilizana, mkatengana, saba watafika. Nikiwaunganisha kama kwa Mama Shija, mmoja ashike na wote waone, haijui. Inaweza kuwa wote. Inaweza kuwa hakuna."

"Na wale wanne ni akina nani?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo msiniamini. Amueni nyinyi."

Moshi ulikuwa umeshuka hadi kiunoni. Ng'wigulu alikuwa wa kwanza. "Basi hao wengine usitutajie. Unganisha."

"Unganisha," alisema Yotham.

Masalu alimtazama Advera kupitia kioo, muda wa pumzi moja, na Advera akajua kwamba mzee ameshajihesabu mwenyewe kwa goti lake. "Yotham ashike," Masalu alisema. "Wengine mkanda kwa mkanda. Anayeona kitu aseme. Akikwama, anapisha."

Advera alithibitisha. Vitone kumi na kimoja kwenye ramani vilivutana, vikawa kitone kimoja.

3

Kuna mambo ambayo jicho moja halioni. Yotham alitazama mbele, kama afanyavyo mwenye pedi. Walio nyuma, ambao hawakuwa na kazi nyingine ila kuona, walitazama pembe za picha.

"Chini kulia, maji!"

"Wapi?"

"Yanatiririka, Yotham, macho unayo ya mapambo? Yanakuja kwetu. Huko yanakotoka kuna hewa."

"Usikimbie, Masalu anaburuta!"

"Siburuti. Ninyi ndio mnakimbia."

Walicheka. Advera, wa mwisho katika mnyororo, alisikia kicheko kile gizani akaogopa zaidi, kwa sababu hakikuwa na nafasi katika jedwali lolote alilolijua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mkanda wa mtu asiyemwona. Hewa ya akiba katika kofia yake ilikuwa imebaki ya dakika kumi na sita. Alihesabu hatua kwa sababu kuhesabu ndiko alikokuweza.

Kwenye njia panda ya tatu Yotham aligonga kifusi. Alijaribu kukipanda, akateleza, akaanza kupumua kama mbwa.

"Pisha," Masalu alisema.

"Bado naweza—"

"Umekwama, pisha! Ng'wigulu, shika."

Advera akatumia ufunguo wake. Picha iliruka kutoka macho ya Yotham kwenda macho ya Ng'wigulu, na msafara mzima ukageuka kama kitu chenye mwili mmoja. Walipisha mara nne. Mara ya nne alishika Masalu mwenyewe, akichechemea, na ni yeye aliyeona, au mmoja wao akaona kwa jicho lake, mlango wa chuma wa chumba cha hifadhi, ambamo wachimbaji hujifungia na hewa ya akiba hadi waokolewe.

Waliingia kumi na mmoja. Advera aliwagusa mmoja mmoja kichwani kama anayehesabu mbuzi, kisha akaanza upya. Kumi na mmoja. Mlango ukajifunga, na valvu ya hewa ikafunguka kwa mlio.

Ubao wa ukutani ukawaka.

*Karibu, mchezaji. Umeshinda. Watu ndani: 1. Hewa iliyobaki: saa 96.*

4

Shangwe iliendelea kwa muda mfupi. Ilikatika pale Advera alipoacha kuangalia ubao na kukaa chini.

"Nini?" Ng'wigulu aliuliza.

Aliwaeleza kama anavyoeleza kwenye ripoti, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Kwa kuwa vioo vyao vilikuwa vimeunganishwa, Dira iliwahesabu kuwa mmoja. Hewa ya chumba ilitosha mtu mmoja kwa saa tisini na sita. Kwa watu kumi na mmoja ilitosha saa nane na dakika arobaini na tatu. Juu, kwenye chumba cha uokoaji, walikuwa wakisoma ubao huohuo. Utaratibu ulikuwa wazi, na aliuhakiki yeye: kama aliye hifadhini ana hewa ya siku nne, waokoaji hawaingizwi kwenye moshi. Wanaupoza moto kwanza, saa thelathini. Kama hewa ni ya chini ya saa kumi, wanashuka mara moja kwa shimo la pili, safari ya saa nne.

"Sasa tutenganishe basi," Yotham alisema. "Bonyeza huko, tuwe kumi na mmoja tena."

"Mtandao wa njia umeungua. Kofia hazivuki chuma hiki." Aligonga ukuta. "Kutoka kwetu, kinachofika juu ni kile tu."

Kilikuwa kitufe chekundu chini ya ubao. Kitufe cha uhai. Aliye hifadhini hukibonyeza mara kwa mara ili wajue bado yupo. Kilipeleka juu mambo mawili: muda na nguvu ya kidole.

Yotham alikirukia, akakibonyeza mara kumi na moja, akapumzika, akakibonyeza tena mara kumi na moja. Ubao ukajibu kwa upole:

*Tulia, mchezaji. Pumua polepole. Hapo peke yako uko salama.*

Wengine wakajaribu, wakisukumana, dakika kumi nzima. *Mchezaji ameonyesha dalili za hofu kali. Tulia.* Mtu mmoja alianza kulia bila sauti. Joto lilikuwa limepanda, na hewa ilikuwa na uzito wa nguo mbichi.

"Acheni," Advera alisema. "Dira inaona mtu mmoja aliyechanganyikiwa. Kila tutakachofanya kwa fujo kitakuwa wazimu wake. Inabidi tufanye kitu ambacho mtu mmoja, hata mwenye wazimu, hawezi kukifanya."

Alifikiria mstari aliouacha wazi kwenye kioo cha Shigeno. Nguvu inabadilika, inarudi ile ya kwanza, kwa mpangilio uleule. Asubuhi aliuita kasoro.

"Tutacheza kama kwa Mama Shija," alisema. "Kila mtu dakika mbili, kwa kidole chake, kwa nguvu zake, kawaida tu. Halafu anapisha. Mpangilio usibadilike hata mara moja. Masalu wa kwanza, mimi wa mwisho. Mzunguko mmoja dakika ishirini na mbili."

"Na nani ataona?" Masalu aliuliza.

"Kuna mtu mmoja anayejua mstari huo."

"Yule Mjapani? Akiwa ametoka kunywa chai?"

Advera hakuwa na takwimu kuhusu hilo. "Huenda ameketi," alisema.

Masalu alianza. Alibonyeza kwa uzito na polepole, kama anayegonga hodi. Ng'wigulu alifuata kwa kasi, vidole vya mtu aliyezoea vishikio. Yotham alisahau na kubonyeza kwa hasira, wakamzomea, akatulia. Mmoja baada ya mmoja. Wasiokuwa na zamu walilala sakafuni ili watumie hewa kidogo. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Kila Advera alipofikiwa alibonyeza kwa usawa kabisa, sekunde tatu kwa sekunde tatu.

Katika mzunguko wa nne mtu alisinzia akaamshwa kwa kofi. Katika wa tano walipishana kwa kugusana bega tu. Ubao uliandika kitu kilekile: *Watu ndani: 1.* Saa zilishuka moja moja, taratibu, kama za mtu mwenye maisha marefu. Tisini na tano. Tisini na nne.

Masalu alijivuta hadi kwenye kitufe kuanza mzunguko wa sita. Aliweka kidole, akasita.

"Mhakiki."

Ubao ulikuwa umezimika. Kwa sekunde nne au tano giza lilikuwa kamili, na Advera akasikia watu kumi wakiacha kupumua.

Ukawaka tena.

*Watu ndani: 11. Hewa iliyobaki: saa 6, dakika 43.*

Chumba kikalipuka kwa shangwe. Watu walirukiana, Ng'wigulu akapiga kigelegele, Yotham akambeba Masalu na goti lake. Hawajawahi watu kushangilia hivyo kunyang'anywa saa themanini na saba za uhai.

"Kaeni chini!" Advera alipaza sauti. "Mnamaliza hewa!"

Wakakaa, wakicheka kwa viganja mdomoni kama watoto msikitini. Advera alifunga macho, akarudia hesabu kichwani. Saa mbili, watu kumi na mmoja: ishirini na mbili zimetumika. Sabini na nne zimebaki. Gawanya kwa kumi na moja. Shigeno hakuwa amekosea hata dakika.

Saa nne za kushuka, ndani ya saa sita na dakika arobaini na tatu. Kama shimo la pili ni zima.

Hakulisema hilo. Masalu alikuwa amerudi kwenye kitufe, akigonga hodi yake ya polepole, na Ng'wigulu alikuwa amejongea nyuma yake kusubiri zamu.